Harvard ya Kizota: maswali mnayotuuliza kila siku kuhusu kurudisha angani ndege ya zamani ya jeshi

Wadau, habari za saa hizi. Tangu ile picha ya bodi ya ndege ikiwa juu ya lori ianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma maswali hayaishi, wengine mnapiga simu usiku, wengine mnakuja mpaka getini Kizota na watoto. Tunafurahi kweli, ila kazi inasimama kila mtu akiuliza kitu kilekile, kwa hiyo tumeyaweka hapa yale yanayojirudia. Ndege ni mali ya mtu binafsi na ameomba jina lake lisitajwe, sisi ni mafundi na vijana tunaojitolea.

Hiyo ni ndege gani hasa?

Ni Harvard. Ndege ya kufundishia marubani wa jeshi, kiwanda ni North American cha Marekani. Ile ya mwanzo kabisa kwenye ukoo huu iliruka Aprili 1935, na mpaka uzalishaji unakwisha zilishatengenezwa zaidi ya 15,000. Wamarekani wanaiita T-6 Texan, Waingereza na wenzao ndo wakaiita Harvard. Viti viwili, mwanafunzi mbele mwalimu nyuma, mabawa kutoka ncha mpaka ncha ni kama mita 12.8, uzito ikiwa tupu inakaribia kilo 1,900. Injini ni Pratt & Whitney R-1340, silinda 9 zimepangwa duara, lita 22, nguvu farasi 600.

Na ule mlio wake mnaousikia kwenye video, ule wa kukwaruza masikio wakati inapaa, sio injini peke yake. Propela ina kipenyo cha karibu mita 2.7, na ikizunguka kasi ya kupaia ncha zake zinakaribia mwendo wa sauti, hapo ndo hewa inalia.

Yetu imetoka Afrika Kusini, jeshi la kule lilizitumia tangu miaka ya 1940 mpaka 1995, ndo maana soko la huko bado lina Harvard na lina watu wanaozijua.

Lini inaruka?

Hili ndo swali namba moja na jibu letu ni lilelile, hatutaji tarehe. Sio kwamba tunaficha. Ndege ya namna hii inaruka siku vitu vyote vimefunguliwa, vimekaguliwa, vimerudishwa na kusainiwa, na huwezi kujua kuna nini ndani mpaka ufungue.

Wanaoharakisha wanalipa. Ipo stori ya B-29 moja, ndege kubwa ya Marekani ya kudondosha mabomu, iliyoitwa Kee Bird, ilitua kwa dharura kwenye barafu ya Greenland mwaka 1947 ikaachwa palepale. Miaka ya 1990 timu ya Wamarekani ikaifuata kulekule, wakapeleka injini nne zilizofufuliwa, propela, matairi, wakafanya kazi kwenye baridi ambayo sisi wa huku hatuwezi hata kuisimulia, mmoja wao akaugua huko akafariki. Mei 1995 wakawasha, ndege ikaanza kutembea yenyewe kwenye barafu ili ipae, na palepale kajenereta ka dharura kaliko mkiani kakawasha moto kwa mafuta yaliyovuja. Ikaungua mpaka ikaisha. Ilikuwa imebaki dakika tu iwe hewani.

Sasa linganisha na ile P-38, ndege ya kivita ya Marekani, waliyoipa jina la Glacier Girl, nayo ya Greenland hukohuko, ilikuwa chini ya barafu kama mita 80. Waliitoa vipandevipande 1992, wakaipeleka Kentucky, wakafanya kazi taratibu miaka 10, ikaruka Oktoba 2002. Sisi tunataka kuwa kama hawa wa pili. Hivyo ukiona miezi inapita na hakuna picha mpya usidhani tumekata tamaa, kuna kazi ambazo hazina picha nzuri.

Si mnafunga injini, mnapiga rangi, mnawasha? Mbona magari ya zamani yanafufuliwa mwezi mmoja?

Gari likizima barabarani unashuka unasukuma. Hapa ishu kubwa wala sio injini, ishu ni chuma usichokiona.

Alumini ya ndege haioti kutu nyekundu kama bati la gari. Inaoza kwa ndani, kati ya matabaka yake, inavimba, inachanika kama kurasa za kitabu kilicholowana, na juu rangi inaweza kuwa bado safi tu. Unapitisha kidole unahisi kajipu kadogo karibu na ribiti (pini ya chuma inayounganisha mabati), unakwangua taratibu, chini unakuta unga mweupe. Huo unga ulikuwa bawa. Hapo hamna kuziba na pati wala kupiga msasa ukapaka rangi, unapima unene uliobaki, unafungua kitabu cha kiwanda unaangalia kipimo cha chini kinachoruhusiwa, kama umeshuka chini ya hapo unakata unatoa, unaweka kipya.

Halafu kuna uchovu wa chuma. Ndege ya mafunzo imepigwa sana, wanafunzi wameiangusha chini kwa kishindo maelfu ya mara, wameipindua angani, kila mara bawa linajikunja kidogo linarudi. Mabawa ya nje ya Harvard yamefungwa kwenye bawa la kati kwa mstari mrefu wa bolti unaopita kwenye vyuma vya pembe, na pale kwenye pembe ndipo nyufa zinapozaliwa. Mwaka 2005 huko Florida ndege ya ukoo huu ilikatika bawa angani, watu wakafa, na mamlaka ya anga ya Marekani ikatoa amri ya dharura vyuma vile vikaguliwe. Kwa hiyo kwetu hicho ndo kitu cha kwanza tulichofungua. Unasafisha mpaka chuma kinang'aa, unapaka dawa nyekundu inayopenya kwenye ufa, unasubiri, unafuta, unapuliza unga mweupe, na kama kuna ufa hata mwembamba kuliko unywele unakuja mstari mwekundu. Fundi anaangalia kwa lenzi, inchi kwa inchi, na wakati huo ukipita hapo karibu usimwongeleshe.

Na msitushangae tunapokataza brashi za waya na steelwuli kwenye bodi. Vipande vya chuma vinabaki vimejichomeka kwenye alumini, unyevu ukija metali mbili zinaanza kulana. Umeng'arisha leo, mwakani una mashimo.

Kwa nini Dodoma? Si mngekaa Dar karibu na bandari?

Kwa sababu ya hewa. Hapa mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, miezi mingine ni ukavu tu. Chumvi ya bahari haifiki. Weka alumini isiyo na rangi pale Dar miezi kadhaa alafu weka nyingine hapa uone. Wamarekani wanalijua hili ndo maana ndege zao za akiba wanazipanga jangwani Arizona. Ile B-29 inayoitwa Doc iliachwa jangwa la Mojave miaka 42 kama shabaha ya majeshi kujifunzia kulenga, lakini kwa vile kulikuwa kukavu mwili ulibaki, wakaipeleka Wichita mwaka 2000 na Julai 2016 ikaruka. Miaka ile yote kwenye pwani yenye chumvi wasingekuta cha kufufua.

Ila Dodoma ina mitihani yake. Vumbi la hapa mnalijua wenyewe, upepo wa Agosti na Septemba unaingiza vumbi hata kwenye kabati lililofungwa, kwa hiyo kila bomba la mafuta, kila tundu la haidroliki, ukifungua tu unaziba muda huohuo kwa kifuniko chenye rangi kali na kina kamba ndefu, ili mtu asije akakisahau ndani. Jua linaua raba, matairi na sili zinapasuka. Na mchwa. Kwenye Harvard hawana cha kula sana kwa sababu ni chuma na alumini, lakini makreti ya mbao ya spea waliyashambulia, tukahamishia kila kitu kwenye shelfu za chuma. Fikiria ingekuwa Mosquito, ile ndege ya kivita ya Waingereza ambayo bodi lake ni mbao na gundi.

Alafu kuna suala la mwinuko ambalo watu wengi hawalifikirii. Kiwanja cha Dodoma kipo mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Novemba joto likifika nyuzi 31 hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko karibu mita 1,950. Itakimbia chini umbali mrefu zaidi na itapanda polepole. Injini ina supachaja, pampu ya kuisukumia hewa zaidi, inayosaidia kiasi, lakini bawa na propela havina supachaja. Ndo maana siku ya kwanza itakuwa asubuhi mapema, msije mkalalamika kwamba tumewaamsha.

Ni kweli mnaweka ribiti kwenye friza?

Kweli kabisa, na sio soda. Ribiti nyingi ni laini unazipiga tu, lakini za sehemu zinazobeba mzigo mkubwa zinatengenezwa kwa aloi ngumu ambayo ukiipiga hivihivi inapasuka. Kwa hiyo zinapashwa moto kwenye tanuri kwa joto la kipimo, zinatoswa kwenye maji, zinakuwa laini, alafu zinaanza kujikaza zenyewe zikiwa kwenye joto la kawaida. Baridi ndo inachelewesha. Ukizitoa kwenye friza zile ngumu zaidi una dakika 10 mpaka 20 tu uwe umeshazipiga.

Kwa hiyo inakuwa hivi, mtu mmoja yupo nje na bunduki ya hewa ya kupigia ribiti, mwenzake amelala ndani ya bodi ameshika kipande cha chuma kizito upande wa pili, wa tatu anatoa ribiti chache chache anakimbia nazo. Wanaongea kwa kugonga, gonga moja endelea, mbili iko sawa, tatu itoe. Umeme ukikatika kwa muda mrefu zile za kwenye friza zinaishiwa muda wake, zinarudi kwenye tanuri upya, na kurudishwa tanurini nako kuna mwisho. Tumelazimika kuweka betri na sola kwa ajili ya friza moja tu.

Yule mama fundi cherehani anafanya nini kwenye ndege?

Anafanya kazi ambayo wengine wetu hatuiwezi. Usukani wa mkia, vibawa vya kupandisha na kushusha pua, na vile vya pembeni vya kulalia kona kwenye Harvard ni fremu za alumini zilizovalishwa kitambaa. Zamani ilikuwa pamba iliyopakwa dopu, yaani vanishi ya kukaza kitambaa, siku hizi ni poliesta maalumu ya ndege. Mama huyu ana cherehani yake pale Majengo, miaka yote ameshona sare za shule na makoti, akaja kuangalia akaanza kuuliza maswali kuliko sisi.

Kitambaa kinagundishwa kwenye fremu kikiwa kimelegea, kisha kinakazwa kwa pasi. Pasi ya nguo ya kawaida tu, ila imepimwa kwa kipimajoto sehemu mbalimbali za bamba lake, kwanza nyuzi 121, mwisho 177, ukizidisha kitambaa kinapoteza nguvu na hakirudi. Unakiona kinajivuta mpaka kinalia kama ngoma ukigonga kwa ukucha. Kisha anashona kwa sindano ndefu, uzi uliopakwa nta, unapita juu unatokea chini kukizunguka kila kibanzi cha fremu, fundo kila baada ya nafasi iliyopimwa, na mafundo yote yakae mstari mmoja. Mafundo yake ukiyaweka pembeni ya picha za kitabu cha kiwanda huoni tofauti.

Baada ya rangi kila kimoja kinapimwa tena mizani yake, manake rangi ikizidi uzito upande wa nyuma kibawa kinaweza kuanza kutetemeka angani chenyewe, na mtetemo ule unakata mkia kwa sekunde. Rangi nzuri sio nyingi.

Injini ikoje? Mmeshaiwasha?

Bado, ipo kwenye stendi. Injini za duara zina tabia moja ambayo kila kijana anayeingia hapa anafundishwa siku ya kwanza. Silinda za chini zinaangalia chini, kwa hiyo injini ikikaa oili inashuka taratibu inapenya kwenye ringi inajaa juu ya pistoni. Oili haishindiliki. Ukija ukabonyeza stata, pistoni inapanda inakutana na oili, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Mbaya zaidi inaweza isivunjike siku hiyo, ikapinda tu, ikaja kuvunjika ndege iko hewani baada ya wiki.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha unazungusha propela kwa mkono, magneto (zinazotoa cheche za plagi) zikiwa zimezimwa, na bado unasimama kama vile zimewashwa, manake waya ukiwa umekatika silinda inaweza kupiga na propela haina huruma na mtu. Harvard ina propela ya panga mbili na haina gia, kwa hiyo panga nne zikipita ni mizunguko miwili kamili, silinda zote 9 zimeshapita. Ikikaza usilazimishe wala usirudishe nyuma, ukirudisha unaisukuma oili kwenye bomba la hewa na ukiwasha inavutwa tena. Unafungua plagi za silinda za chini, unaweka ndoo, unaacha ichuruzike. Hata kama rubani ana haraka, hata kama mgeni rasmi ameshafika.

Mafuta mnatumia ya ndege za kawaida?

Hapana. Ndege za abiria mnazopanda zinatumia Jet A-1 ambayo ni ndugu ya mafuta ya taa. Hii inatumia avgasi, petroli ya ndege yenye oktani 100, na viwanja vyenye avgasi sio vingi. Inakunywa kama lita 115 mpaka 130 kwa saa ikiwa mwendo wa safari. Kuna waliouliza tuweke petroli ya sheli tuokoe hela. Hapana.

Spea mnapata wapi? Kuna mafundi wa kuchonga wazuri tu hapa, kwa nini mnaagiza nje bolti?

Mafundi wa kuchonga wazuri wapo na tunawatumia. Stendi ya injini, vishikio vya kubebea mabawa, toroli, ngazi, mapipa ya kuoshea, spana za ajabuajabu ambazo kiwanda kiliacha kuzitengeneza zamani, yote yamefanyika Dodoma na yamefanyika vizuri. Mmoja ametuchongea kifaa cha kutolea beringi ya gurudumu baada ya kuona mchoro tu.

Lakini kitu kinachoruka na ndege kinahitaji karatasi. Bolti ya ndege inakuja na cheti kinachosema imetoka kiwanda gani, aloi gani, imepimwa vipi. Ukichonga inayofanana nayo kwa macho hakuna anayejua kile chuma kilitoka wapi, kinaweza kuwa kigumu kuliko cha kiwanda na kikavunjika kwa sababu hiyohiyo ya ugumu. Sisemi hili kudharau fundi yeyote. Tungependa sana siku moja karakana ya hapa ipate kibali cha kutengeneza vipuri vya ndege, uwezo wa mikono upo, kinachokosekana ni maabara ya kupimia na mfumo wa kumbukumbu.

Bahati yetu Harvard ni nyingi duniani, spea zipo Afrika Kusini, Marekani, Canada. Ukichagua ndege ambayo zimebaki mbili tatu, spea unatengeneza mwenyewe kuanzia sifuri, na gharama ndo hiyo iliyoua miradi mingi.

Si ndo ndege hizi zilizowapiga Mau Mau na wapigania uhuru? Kwa nini mnaihangaikia?

Ni swali zito na wazee wameliuliza wakiwa wamesimama mbele ya ndege yenyewe, tunalijibu kwa heshima. Ndiyo. Mwaka 1953 Waingereza walipeleka Harvard Kenya, wakazifunga bunduki na mabomu madogo ya kilo 9 hivi, wakapiga misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Wareno walizitumia T-6 Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na sisi wa mkoa huu linatugusa kwa karibu, manake Kongwa kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru kuanzia miaka ya 1960, FRELIMO walipita pale, ANC, SWAPO. Kuna vijana waliokula ugali wa Kongwa wakavuka Ruvuma wakaenda kukutana na T-6 juu ya vichwa vyao.

Yetu ilikuwa ya mafunzo, logibuku zilizokuja nayo, yaani vitabu vya kumbukumbu zake, zinaonyesha hivyo, lakini iliwafundisha marubani wa jeshi la makaburu na hatutaki kulipamba hilo. Msimamo wetu ni kwamba historia hii isemwe palepale ilipo ndege, kwa Kiswahili, kwenye ubao mkubwa kuliko ule wa kueleza injini, na alama za jeshi la zamani hatutazirudisha kwenye rangi. Mzee mmoja wa kutoka upande wa Kongwa alituambia anataka wajukuu wake waisikie ule mlio, wajue babu zao walikuwa wanajificha kutokana na nini. Na mwingine alisema ingefaa iyeyushwe masufuria. Wote wawili tunawaelewa, sisi tumefuata la kwanza.

Ni salama lakini?

Ajali zimetokea na ukweli lazima usemwe. Shoreham, Uingereza, Agosti 2015, ndege ya zamani ya kivita aina ya Hunter ilianguka barabarani wakati wa maonyesho, watu 11 wakafa na wengi wao walikuwa wanapita zao tu. Oktoba 2019 Marekani B-17, ndege ya zamani ya mabomu iliyokuwa inabeba abiria wa kulipa, ilianguka, watu 7, na uchunguzi ukakuta shida za matengenezo kwenye injini. Novemba 2022 Dallas ndege mbili za kale ziligongana hewani kwenye maonyesho, watu 6.

Kwa hiyo hatutabeba abiria wa kulipia, hatutapindukapinduka juu ya watu, na miruko ya mwanzo itakuwa juu ya kiwanja na mashamba tu. Rubani lazima awe amefundishwa Harvard yenyewe. Ina gurudumu dogo nyuma, ikigusa chini inataka kugeuka iufuate mkia wake, na imewapindua marubani wenye saa nyingi za ndege za kisasa.

Kibali anatoa nani?

Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ndege ikiandikishwa hapa inapata herufi zinazoanza na 5H, na haiendi hewani bila wao kuridhika na ukaguzi na karatasi. Nchi nyingi ndege za zamani za jeshi hazipewi cheti kilekile cha ndege za abiria, zinapewa ruhusa yenye masharti, wapi iruke, nani apande. Ushauri wa bure kwa anayefikiria mradi kama huu ni kwenda kuongea nao kabla hujanunua ndege. Ndege isiyo na logibuku utainunua rahisi na itakula hela zako zote.

Mbona mnakataza watoto kugusa zile saa za kokpiti?

Kwa sababu zile za zamani zimepakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi, ili ziwake gizani. Siku hizi haziwaki tena kwa sababu ile rangi imechoka, lakini radiamu yenyewe bado ipo, inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Kioo kikiwa kizima hatari ni ndogo, ikifunguliwa vumbi lake ukalivuta au ukalila hilo ni jambo lingine. Zipo kwenye boksi lililofungwa na masuala haya ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, sio ya fundi saa. Kuna asbestosi pia kwenye baadhi ya gasketi na vizuia joto vya zamani. Tunavaa barakoa zenye vichujio, sio zile za korona.

Inagharimu shilingi ngapi?

Hesabu ya mwenye ndege tunamwachia mwenyewe. Kwa picha ya jumla, kufufua injini moja kama hii kwenye karakana yenye kibali huko nje ni makumi ya maelfu ya dola. Na ule mradi mkubwa wa Waingereza wa dege la mabomu la Vulcan XH558, lililorudi angani Oktoba 2007, fungu moja tu kutoka mfuko wa bahati nasibu ya taifa lao lilikuwa zaidi ya pauni milioni 2.7. Likaruka mpaka Oktoba 2015 likasimama, na sio kwamba lilikosa wapenzi au lilivunjika, kampuni zilizokuwa zinasaini usalama wake wa kiufundi zilijitoa. Hela inaweza kuwepo na bado ndege ikakaa chini.

Kijana wangu anapenda ndege, mnaweza kumchukua?

Mleteni Jumamosi, wa kike na wa kiume. Atafagia, ataosha nati, ataandika lebo kwanza, kila kitu kinachofunguliwa hapa kinapigwa picha, kinawekwa kwenye mfuko na kinapewa namba, na hiyo ndo shule yenyewe. Lakini hapa hapati leseni. Akitaka kuwa fundi wa ndege kweli aende Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, aandae hesabu na fizikia mapema, na Kiingereza cha kusoma vitabu vya kiwanda. Ndala haziruhusiwi.

Na zile ndege za zamani za jeshi letu wenyewe? Hamuwezi kufufua moja?

Tungetamani mno. Jeshi letu la anga lilipoanza miaka ya 1960 Wacanada walisaidia kufundisha, na ndege zilikuwa za kwao, Otter na Caribou, ndege za kutua kwenye viwanja vifupi vya vumbi. Otter ina injini ya familia hiihii ya R-1340, ila ya gia. Kwa maoni yangu Otter yenye rangi za Tanzania ikiruka juu ya Dodoma ingekuwa na maana kwetu kuliko Harvard kumi. Ila mali ya jeshi haiguswi kienyeji, uamuzi ni wa Wizara ya Ulinzi na kuna taratibu za serikali za kuuza au kukabidhi vitu vilivyoondolewa kwenye matumizi. Usije na mtu anayesema ana ndege ya jeshi anauza pembeni.

Kijijini kwetu kuna mabaki ya ndege porini, niwaletee?

Usibebe chochote. Mabaki ya ndege ya kijeshi yanaweza kuwa na risasi au bomu ambalo bado ni zima, na ndege za jeti zina viti vyenye baruti ya kumrusha rubani, baruti haizeeki kwa usalama. Inawezekana pia kuna mifupa ya mtu. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, weka alama ya mahali kwenye simu, piga picha ukiwa mbali. Sisi tutumie picha na, kama inasomeka bila kugusa, namba yoyote iliyogongwa kwenye kibati, kibati kimoja tu kinatosha kujua ni ndege gani. Na kama mnunuzi wa chuma chakavu ameshafika na mizani, mwambieni asubiri polisi wafike kwanza.